Jikoni na Shangazi: Niambieni kwanza ni nyama ya sehemu gani

Mwezi uliopita niliwaomba mniandikie kuhusu nyama ya ng'ombe, nanyi mkaandika kweli. Nimezisoma barua zote barazani kwangu hapa Kibokoni, Mombasa, baada ya alasiri upepo wa bahari unapoanza kuingia vichochoroni, na kuna nyingine nimezirudia mara mbili. Mnaniambia kiasi cha thomu, mnaniambia bizari mlinunua Marikiti au Kongowea, mnaniambia mgeni alikunja uso vipi alipotafuna. Lakini nyama yenyewe ilitoka wapi katika ng'ombe, karibu nyote hamsemi. "Nilinunua kilo moja." Kilo moja ya nini, jamani?

Marehemu babangu alikuwa na bucha Majengo, na mimi nimekulia juu ya kigoda nyuma ya gogo lake la kukatia. Mteja akisema "nipimie nyama," yeye hagusi kisu. Huuliza, "Wapika nini leo?" Akijibiwa mchuzi, mkono unakwenda kwenye kidari au shingo. Akijibiwa mishkaki, unakwenda kwenye sarara. Nimepika arusi za mji huu kwa miaka 30 na zaidi, na sijapata swali jingine la kuanzia.

Nyama yangu haiivi

Shikamoo Shangazi. Nimeolewa mwaka huu, naishi Mtopanga. Nyama yangu haiivi. Naichemsha saa nzima, natia thomu na tangawizi kwa wingi, nakamua ndimu mbili, bado ni ngumu kama kandambili. Juzi mama mkwe alikuja, akala mchuzi, akala viazi, nyama akaisogeza kando ya sahani bila kusema neno. Nilitamani ardhi ipasuke. Na bucha ninayonunua ni safi, nyama huwa imechinjwa usiku huo huo. Nakosea wapi?
— Bi Arusi, Mtopanga

Marahaba mwanangu. Usijitese roho, mkono wako hauna kasoro. Tuanze na hayo maneno yako, "imechinjwa usiku huo huo." Umeyaandika kama sifa, na mimi nayaona ndiyo chanzo. Ng'ombe akishachinjwa, nyama yake kwa muda mfupi huwa laini, yacheza mkononi. Kisha hukakamaa, kama mwili wowote usio na uhai unavyokakamaa. Kwa ng'ombe ukakamavu huo hushika ndani ya saa 6 hadi 12 hivi, na hauachii upesi. Yataka siku moja au mbili za ubaridi ndipo nyuzi zianze kulegea. Sasa hesabu mwenyewe: imechinjwa usiku, imefika buchani asubuhi, umeinunua saa nne, iko motoni saa tano. Umeipika pale pale ilipokaza zaidi. Nunua leo, iweke kwenye friji ndani ya chombo chenye kifuniko, upike kesho au kesho kutwa. Hilo peke yake litakushangaza.

La pili ni sehemu, na hapa ndipo nataka unisikilize. Ng'ombe hutumia shingo, kifua na miguu siku nzima, anatembea, anainama kula, anabeba uzito wake. Nyama ya huko ina kano nyingi, zile nyeupe zinazong'aa. Sarara iko mgongoni kwa ndani, haifanyi kazi kubwa, haina kano za maana. Ukiipika sarara saa mbili itakauka kama kamba. Ukiipika shingo saa moja, kano hazijaanza kuyeyuka. Zikipata moto mdogo wa muda mrefu hugeuka ute, ule unaofanya supu ya kongoro igande sahanini ikipoa. Ute huo ndio utamu wa mchuzi. Basi nyama "ngumu" ya bei ya chini ndiyo inayotoa mchuzi mzuri kuliko zote, mradi uipe muda wake.

Na thomu, tangawizi, bizari? Vinatia harufu na ladha. Tangawizi mbichi ina nguvu kidogo ya kulainisha, lakini haifiki kwenye moyo wa pande kubwa. Ukiongeza viungo kwa sababu nyama ni ngumu, utapata nyama ngumu yenye viungo vingi. Ndimu nayo usiitie mwanzo. Ikitokota saa nzima harufu yake yote imeondoka na kinachobaki ni uchungu. Ndimu ni ya mezani.

Mama mkwe akija tena, mpikie kidari cha nazi. Nakuandikia ninavyopika mwenyewe. Chukua kilo 1 ya kidari chenye mafuta yake kidogo, vipande vya ukubwa wa yai. Vidogo zaidi ya hapo vitamomonyoka kabla kano hazijayeyuka. Tia katika sufuria nzito na kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kijiko cha mezani cha thomu iliyotwangwa na kimoja cha tangawizi. Usitie maji. Narudia, hata tone. Funika, weka moto mdogo. Baada ya dakika chache utasikia inaanza kulia humo ndani: nyama inatoa maji yake. Iache ijipikie ndani ya maji yale mpaka yakauke, yapata dakika 20. Mlio utabadilika, kutoka kububujika hadi kuchachatika, na hapo ujue kilichobaki ni mafuta tu. Funua, geuza vipande polepole vipate rangi ya kahawia kila upande. Wengi hukimbilia kumwaga maji kabla ya hapa, na wanaikosa rangi hiyo ambayo hakuna bizari inayoweza kuileta baadaye.

Sasa tia maji ya moto, si ya baridi, yafunike nyama. Punguza moto mpaka uone mapovu madogo yanayopanda moja moja. Acha saa 2 hadi 2 na nusu. Kama una presha kuka, dakika 40 zatosha. Babangu alikuwa akiijua nyama iliyoiva bila kuionja: hutoa kipande, hukibonyeza kwa upande wa mwiko. Kikirudi juu, bado. Kikikaa pale pale kilipobonyezwa na nyuzi zikaanza kuachana, tayari.

Kando, kaanga kitunguu kikubwa kimoja mpaka kianze kuwa chekundu, tia bizari na manjano kidogo, kisha tungule tatu zilizokatwa ndogo, mpaka mafuta yajitenge pembeni. Mimina kwenye nyama pamoja na tui jepesi. Ikichemka dakika kumi, tia tui zito la nazi moja, na kuanzia hapo usifunike tena. Koroga taratibu mpaka litokote mara moja tu, kisha toa motoni. Tui zito likichemka kwa nguvu hukatika, likawa maji na chembe. Kotmiri juu, ndimu pembeni.

Mtengee vipande vyenye mafuta. Akivimaliza, niandikie.

Mishkaki siku nyingine ni uji

Hujambo Shangazi. Mimi ni kijana, nachoma mishkaki jioni karibu na nyumbani, Tudor. Natumia papai bichi kulainisha. Kuna siku wateja wananisifu, kuna siku nyama inageuka uji na kuteleza kwenye kijiti, na kuna siku haina tofauti na ambayo haikuwekwa papai. Nyama nanunua yoyote iliyo rahisi siku hiyo. Papai nakadiria kwa mkono. Nisaidie, hii ndiyo riziki yangu.
— Mchomaji, Tudor

Sijambo mwanangu. Barua yako nimeipenda kwa sababu jibu umelibeba mwenyewe: "yoyote iliyo rahisi siku hiyo." Jumatatu wachoma paja, Jumatano shingo, Ijumaa labda umepata kipande cha sarara, na zote umezipa papai sawa kwa saa sawa. Haziwezi kukutokea sawa. Chagua sehemu moja na ushikamane nayo. Kwa bei ya biashara mimi ningechukua paja, ile minofu isiyo na kano katikati. Mwambie mwenye bucha kila siku ni hiyo hiyo, na baada ya wiki mbili atakuwekea bila kuuliza.

Papai nalo tulielewe. Utomvu mweupe wa papai bichi una kitu kiitwacho papaini, kinachokatakata nyama vipande vipande tusivyoviona kwa macho. Papai likiiva nguvu hiyo hupungua mno, ndiyo maana siku uliyotumia lililoanza kuwa la manjano hukuona tofauti. Papaini hufanya kazi kwa kasi kubwa nyama inapofika joto la nyuzi 60 hadi 70 hivi, yaani pale pale juu ya makaa, kabla nyama haijaiva kabisa. Kwa hiyo huhitaji kuilaza usiku kucha. Na kwa kuwa hufanya kazi zaidi upande wa nje, ukiiacha muda mrefu nje kunakuwa uji na ndani kumebaki vile vile.

Hili nalijua kwa machungu. Arusi ya binti ya dadangu, mishkaki ilikuwa ni mimi. Nilitia papai kilo 20 za nyama baada ya Magharibi, nikaiacha mpaka mchana wa siku ya pili, nikiamini muda mrefu ndio uzuri. Tulipoanza kuchoma, kila kipande kilikatika kwenye kijiti na kuanguka makaani. Ilibidi tuimwage yote katika sufuria na kuipika kama kima ya tungule, na wageni wakala kwa chapati. Dadangu hakunilaumu hata kidogo, na hilo liliniuma zaidi. Tangu siku ile sikadirii papai kwa mkono.

Kipimo changu ni hiki. Kwa kilo 1 ya paja lililokatwa vipande vya ukubwa mmoja, kiasi cha ncha mbili za kidole gumba: kijiko kimoja cha mezani cha papai bichi lililosagwa na ganda lake, kijiko kimoja cha thomu, kimoja cha tangawizi, kijiko cha chai cha pilipili manga, kimoja cha uzile uliosagwa, chumvi, mafuta vijiko viwili. Dakika 45 hadi saa moja na nusu, ndani ya friji au kasha lenye barafu, kwa maana joto la Mombasa la mwezi wa pili na wa tatu si la kuacha nyama mbichi nje. Sarara ukiipata, usiitie papai hata kidogo.

Katikati ya vipande vya mnofu weka kipande kidogo cha mafuta. Vijiti vya mti viroweke nusu saa visiungue. Makaa yawe yamevaa majivu meupe. Ukiona ndimi za moto, ngoja. Ukwaju upake dakika mbili za mwisho, kwa sababu sukari iliyomo huungua upesi na kuleta uchungu. Na nyama ikitoka motoni iwekwe kwenye sahani safi. Ile bakuli iliyokuwa na nyama mbichi isirudiwe mpaka ioshwe kwa sabuni.

Bizari ya pakiti au ya kusaga?

Salaam Shangazi. Je, bizari ya pakiti ina ubaya gani? Naishi Nyali, natoka kazini saa kumi na mbili jioni, sina muda wa kinu. Na pilau yangu nayo hutoka nyeupe.
— Msomaji wako, Nyali

Mwanangu, haina ubaya ikiwa mpya. Ubaya wake ni kuwa huijui imekaa dukani muda gani, na viungo vikishasagwa harufu huanza kuondoka siku hiyo hiyo. Lakini hata wewe waweza kusaga mara moja kwa miezi miwili, Jumapili asubuhi, kwa mashine ndogo ya kusagia. Giligilani vijiko vinne vya mezani, uzile vitatu (dukani wengine watakwambia jira), pilipili manga kimoja, mbegu za iliki kijiko cha chai, mdalasini vijiti viwili vya urefu wa kidole, karafuu sita. Karafuu usizidishe, zitafunika kila kitu. Kaanga kavu kwenye moto mdogo dakika mbili au tatu, ukitikisa, mpaka harufu ikufikie ukiwa umesimama wima. Ikipanda moshi umechelewa, mwaga uanze tena. Ipoe kabisa kabla ya kusaga, tia katika chupa ya kioo, iweke kabatini, si juu ya jiko.

Na iwe ya pakiti au ya kinu, bizari inataka mafuta. Itie baada ya kitunguu kuiva na kabla ya tungule, uikoroge nusu dakika. Ukiinyunyiza juu ya mchuzi unaochemka utaonja unga.

Umegusia pia pilau yako kuwa nyeupe. Rangi ya pilau ni kitunguu. Kikaange mpaka kiwe kahawia iliyokolea, ukikoroga bila kuondoka, kisha tia supu kidogo ya nyama kikiwa bado kinachachatika: hapo ndipo rangi inapotoka. Manjano hayahusiki.

Supu imekuwa chumvi tupu

Assalaam aleikum Shangazi. Mume wangu ana presha na daktari amemwambia apunguze chumvi. Napika supu ya mifupa bila kuzidisha, lakini ikikaa motoni inakuwa kali. Maji ninayotumia ni ya kisima cha hapa nyumbani, Kisauni.
— Mama wa Watatu

Wa aleikum salaam mamangu. Maji ya kisima chako yana chumvi yake tayari. Visima vingi vya pwani yetu ndivyo vilivyo, na mwenyewe huijua ladha yake kwenye chai. Supu ikitokota saa tatu, maji hupaa na chumvi hubaki. Ulianza na sufuria iliyojaa, umemaliza na nusu: chumvi iliyokuwamo imekuwa kali maradufu kabla hujatia yako. Kwa kupikia supu nunua maji matamu ya mtungi, hata kama ya kuoshea ni ya kisima. Lita 3 zatosha kwa kilo 1 na nusu ya mifupa.

Chumvi itie mwisho, ukishaonja. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na hiyo ni chini ya kijiko kimoja cha chai kwa kila anachokula, mkate ukiwemo. Vile vidonge vya supu vya madukani viache kabisa, kwa sababu chumvi ndiyo imejaa humo. Badala yake choma mifupa kwanza mpaka iwe kahawia, tia kitunguu kizima kilichochomwa makaani, tangawizi ya kupondwa, pilipili manga nzima kumi, na ukishaipua kamua ndimu. Uchachu wa ndimu huufanya ulimi usiitafute chumvi. Nimempikia hivyo marehemu mume wangu miaka sita.

Sambusa zinalainika

Shangazi, sambusa zangu za nyama zinatoka motoni kavu, dakika kumi baadaye zimelainika. Ramadhani inakaribia.
— Ganjoni

Kima yako ina maji, binti yangu. Mwambie mwenye bucha asage mnofu wa paja usio na mafuta mengi, na asage mbele yako. Ipike bila mafuta na bila maji, thomu, tangawizi, chumvi na ndimu tu, ukiivunja kwa mwiko mpaka iwe punje punje na chini ya sufuria pakauke kabisa. Kima lazima iive hadi ndani: vijidudu vilivyokuwa juu ya nyama huingizwa na mashine katikati, hivyo wekundu usibaki popote. Ipoe. Ikishapoa ndipo uchanganye vitunguu vibichi vilivyokatwa vidogo sana, kotmiri na bizari. Ukivitia kima ikiwa bado ya moto vitatoa maji, na maji hayo ndiyo yanayolainisha manda. Ukizikaanga, zisimamishe kwenye chujio, usizilaze juu ya karatasi, wala usizifunike.

Nyama ya Idd

Shangazi, kila Idd el-Hajj tunapata nyama nyingi ya udhia, na kila mwaka nusu inaharibika au inakuwa haina ladha. Stima nayo hupotea. Tuifanyeje? Na je, nyama ioshwe kabla ya kuwekwa?
— Familia kubwa, Bondeni

Siku ile nyama hufika kwa mafungu, mkia umechanganyika na maini, na mtu amechoka. Naelewa. Lakini saa moja ya kazi siku hiyo ndiyo inayookoa yote. Nyama isikae nje zaidi ya saa 2, na siku ya jua kali hesabu saa 1. Anza na maini, moyo na figo, zipikwe siku hiyo hiyo. Kongoro na kichwa mpe anayejua kuvisafisha. Nyama iliyobaki tenganisha kwa sehemu: ya supu, ya mchuzi, ya kuchoma. Gawa katika mifuko ya mlo mmoja mmoja, nusu kilo au kilo, uibonyeze iwe bapa ili igande upesi, toa hewa, na uandike juu kwa kalamu: shingo, kidari, paja, na tarehe. Bila kuandika, baada ya mwezi utashika jiwe la barafu usilojua ni nini, ndipo mtu anapochemsha sarara kama mfupa na kusema nyama ya Idd haina ladha.

Kwa vile ni nyama ya siku hiyo, ile mtakayokula wiki hiyo ilazeni kwanza kwenye friji usiku mmoja au miwili, kwa sababu ile niliyomwandikia Bi Arusi.

Stima ikipotea, usifungue friza kutazama. Iliyojaa hukaa na baridi yake kama siku mbili, iliyojaa nusu kama siku moja, ikiwa mlango haukuguswa. Kuyeyusha ni ndani ya friji usiku kucha, si juu ya meza.

Kuosha: najua tumelelewa tukiosha, nami nimeosha miaka mingi. Siku hizi siioshi. Maji ya bomba yakipiga nyama mbichi hurusha matone yenye vijidudu kwenye sinki, vikombe na kachumbari iliyo karibu, na kinachoua vijidudu ni moto. Kama kuna unga wa mfupa uliobaki kwenye msumeno, uifute kwa kitambaa safi cha jikoni, au uitumbukize kwenye bakuli la maji bila kurusha, uikaushe vizuri, kisha usafishe pale pote. Nyama iliyolowa haishiki rangi sufuriani.

Nimeletewa nundu

Shikamoo Shangazi. Babangu mzee amenitumia kutoka Tana River nundu nzima ya ng'ombe, kama kilo mbili na nusu. Mimi naishi Likoni na sijawahi kuipika. Sina oveni, nina jiko la makaa. Nisiharibu zawadi ya mzee.
— Binti ya Mzee

Marahaba, na Mungu amtunze mzee wako. Ni barua ya kwanza mwezi huu iliyoanza na sehemu ya ng'ombe, na sehemu yenyewe ni nundu! Ng'ombe wetu wa huku ndio wenye nundu. Wengi wa Ulaya hawana, kwa hiyo hata wapishi wa huko hawajui wanachokosa. Ni mnofu uliopitiwa na mafuta ndani kwa ndani, kama mistari ya marumaru, na mafuta hayo yakiyeyuka polepole huinywesha nyama yenyewe.

Usiikate vipande. Usitie papai, usitie bizari. Itoboe kwa ncha ya kisu mara 12 hivi, na kila tundu lisukumie kipande cha thomu na punje ya pilipili manga. Ipake chumvi kijiko kimoja na nusu cha mezani, pande zote, uiweke kwenye friji usiku mzima. Asubuhi itie katika sufuria ndefu na maji yafike nusu yake, kipande cha tangawizi, kijiti cha mdalasini, ufunike, moto mdogo, saa 2. Igeuze mara moja katikati.

Itoe, iache ijikaushe nusu saa. Washa makaa mpaka yavae majivu. Iweke kwenye sufuria kavu, upande wenye mafuta juu, funika kwa sinia la chuma, kisha palia makaa juu ya sinia, na chini uache machache tu. Moto mwingi uwe juu. Dakika 40 hadi 50, ukifunua mara mbili kuipaka mafuta yake yaliyochuruzika. Ikiwa rangi ya mdalasini na juu panapasuka pasuka, ipua.

Usiikate papo hapo. Dakika 15 ipumzike, maji yake yarudi ndani. Kisha tazama nyuzi zinavyolala, ukate kwa kuzikatiza, vipande vyembamba kama kifuniko cha daftari. Kachumbari, ukwaju, chapati za moto.

Yale maji uliyochemshia usiyamwage. Engua mafuta ya juu, tia uzile kidogo na ndimu, uwape watoto kwenye vikombe wakati nundu iko chini ya makaa, maana harufu itawatoa nje wote na hawataweza kungoja.